Deni la Mwenye Kugawa Elimu

Wajenzi wa kila zama wamekuwa na vipimo vyao vya mkato. Mhandisi aliyebobea humwambia kijana anayemfuata: kimo cha boriti ya zege na kiwe yapata 1/12 ya urefu wake toka nguzo hadi nguzo, kisha ndipo uanze hesabu. Neno hilo moja humwepushia mwanafunzi kubahatisha kwingi. Kulificha ni uchoyo, wala hapana haja ya kubishana juu ya hilo. Swali lililo gumu zaidi, ndugu msomaji, ni hili: je, anayegawa kanuni ana deni la kugawa na mipaka yake pia?

Wako wasemao kuwa hana. Mpokeaji, wasema, ni mtu mzima aliyesoma. Mwana akililia wembe, mpe. Hoja hiyo ina uzito, kwani mtoaji hawezi kuandamana na kanuni yake kila iendako.

Hata hivyo, na tuyatazame yaliyotokea Marekani. Mwaka 1888 Josef Melan alitoa nadharia mpya ya kuhesabu madaraja ya kuning'inia, na Leon Moisseiff akaitumia katika Manhattan Bridge la New York, lililofunguliwa mwaka 1909. Nadharia ilionyesha kwamba katika daraja refu nyaya huchukua sehemu kubwa ya mzigo, hivyo mihimili ya njia yaweza kupunguzwa. Ilikuwa kweli, tena iliokoa chuma na fedha, ikaenea. Madaraja yakazidi kuwa membamba, hata lilipojengwa lile la Tacoma Narrows, katika jimbo la Washington. Kati ya minara yake palikuwa na mita 853, na mihimili yake ilikuwa na kimo cha mita 2.4 tu. Lilifunguliwa Julai 1940. Tarehe 7 Novemba mwaka huohuo upepo ulilisokota hata likaanguka.

Nadharia ile ilihesabu uzito. Haikueleza jinsi upepo unavyoweza kulichezesha daraja jepesi. Na jambo hilo halikuwa geni. Daraja la Menai, huko Wales, liliharibiwa na tufani mwaka 1839, na lile la Wheeling, Marekani, likaangushwa na upepo mwaka 1854. Elimu ilikuwako, ila haikusafiri pamoja na kanuni. Baadaye wahandisi walifanya majaribio ya upepo, wakayachapisha ili wote wayasome. Na daraja jipya la Tacoma, lililofunguliwa mwaka 1950, likapewa mihimili ya kimo cha mita 10.

Hapa ndipo methali ya wembe inapotuacha. Mwana aliyelilia wembe hujikata mwenyewe, akajifunza. Daraja humkata mpita njia ambaye hakulilia kitu. Basi deni la mgawaji si kwa mwenzake wa kazi tu, bali ni kwa yule atakayepita juu.

Nasi walimu tunagawa kanuni za mkato kila siku. Twasema jina lianzalo kwa ki- hufuatwa na ki-: kitabu kimeanguka. Tusipoongeza kwamba mtu hufuatwa na a-, mwanafunzi atasema "kiongozi kimefika" mbele ya hadhara. Aibu itakuwa yake, na deni litakuwa letu.