Je, Yafaa Kutoa Nchi ya Watu Bila Kuwauliza?

Sisi tukaao Gongoni hapa Tabora twakanyaga nchi iliyopita mikono mingi. Zamani mtemi wa Unyanyembe alitoza hongo misafara iliyokwenda kati ya pwani na Ujiji. Januari 1893 Wadachi wakalivunja boma la Mtemi Isike, naye akaiwasha baruti yake asikamatwe hai. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia mjini. Mwaka 1917 wakawaachia Waingereza Tabora, na mwaka 1921 wakawaachia Kigoma na Ujiji pia. Mtoto aliyezaliwa zama za Isike aliona bendera tatu za kigeni kabla hajawa mzee, wala hakuulizwa hata mara moja.

Wako wasemao, "Mtawala akiwa mwema, yafaa nini kuuliza alivyoipata nchi?" Neno hili lina uzito. Mkulima ataka amani na kodi nyepesi. Jina la mkubwa halimwongezei mtama ghalani. Tena reli ya Wadachi, iliyofika Tabora mwaka 1912, iliwafaa watu hata baada ya Wadachi wenyewe kuondoka.

Walakini tuangalie vema. Mtu akipewa kitu, shukrani yake humwendea aliyempa. Vivyo hivyo mtawala aliyepewa nchi na mtawala mwenziwe humtazama huyo mwenziwe. Watu waliomo hawatazami, maana hakupokea kitu mikononi mwao. Aweza kuwa mpole, lakini upole wake ni hisani tu, si deni; na hisani hukatika siku yo yote.

Mfano tunao karibu, katika nchi ya Gisaka, mashariki ya Rwanda. Tarehe 30 Mei 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walipatana juu ya nchi walizowanyang'anya Wadachi. Rwanda na Burundi zikawa fungu la Wabelgiji, lakini Gisaka ikakatwa wapewe Waingereza, kwa sababu walitaka njia ya kupitisha reli kutoka Uganda. Mwaka 1922 wakaishika. Mfalme Musinga akalalamika kuwa ameondolewa watu wake na malisho yake, naye Classe wa Wamisionari wa Afrika, aliyefanywa askofu mwaka huo huo, akaandika kumtetea. Shauri likafika Geneva kwenye Chama cha Mataifa, na mwisho wa mwaka 1923 Gisaka ikarudishwa.

Kwa nini safari hii mnyonge alisikiwa? Musinga hakuwa na jeshi la kuwatisha Wazungu. Ila wakati huo Waingereza na Wabelgiji walikuwa wamekubali kuzishika nchi hizo kama amana, na kila mwaka kupeleka habari za utawala wao Geneva. Mwenye mali hufanya apendavyo. Mwenye amana sharti atoe hesabu.

Hata hivyo haki ile ilikuwa nusu. Gisaka ilikuwa na wafalme wake yenyewe, hata Rwanda ilipoishinda katika karne ya 19. Aliyesikiwa Geneva ni mfalme. Mkulima wa Gisaka hakuitwa kusema ampenda nani. Basi twaona kwamba kumrudishia nchi mtawala wa kwanza si sawa na kuwauliza wenyeji.

Ni rahisi kuwalaumu wakubwa wa mbali. Lakini Torati ya Musa ilipokataza kuhamisha alama ya mpaka wa jirani, haikusema na wafalme peke yao. Ndugu anapokufa, wazee hukaa kivulini wakagawa shamba lake. Je, mjane huitwa? Yatima huulizwa? Aghalabu hupashwa habari jioni, mambo yakiisha kukatwa, kama watu wa Gisaka. Na wazee wale si wabaya. Wamesahau tu kwamba shamba lina mtu ndani yake.

Ndugu zetu, nchi ni ya Mungu, na sisi sote tu wenye amana, aliye na ufalme na aliye na nusu ya shamba. Tusilisogeze jiwe la mpaka kabla hatujamwita akaaye hapo na kumsikiliza, kwa maana hesabu yetu itadaiwa.