Adabu za Mwenye Kusaidia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya.

Ndugu zetu wasomaji, katika darsa zetu twaulizwa mara nyingi nani apewe zaka, na kiasi gani, na lini. Maswali hayo ni mema, na majawabu yake yamo vitabuni. Lakini liko swali jengine ambalo hatujaulizwa hata mara moja, nalo ndilo tunalotaka kulitazama leo: Mtu akimfikishia mwenye haja kile anachostahiki, kisha akamvunjia heshima yake katika kumfikishia, je, amemsaidia au hakumsaidia?

Wengi watajibu upesi: amemsaidia, ila amekosa adabu. Maana yake ni kuwa msaada ni kitu kimoja, na adabu ni pambo lililowekwa juu yake. Sisi nasi tulikuwa twaamini hivyo, mpaka likatufika jambo ambalo twalisimulia hapa kwa haya, kwani kosa lilikuwa letu.

Ramadhani moja tulipata khabari ya mjane mmoja mtu mzima. Tukamwendea wanaume wanne baada ya alasiri, saa ambayo baraza zimejaa watu. Tulikuwa na daftari la maswali. Tukakaa barazani kwake, naye yuko nyuma ya mlango, tukaanza: Mumeo alifariki lini? Una watoto wangapi, na wafanya kazi gani? Nyumba ni yako au ya kupanga? Ni siku ngapi katika juma hakuwashwi moto jikoni? Bibi yule akijibu kwa sauti ndogo, na sisi tukimtaka anene kwa nguvu ili mwandishi apate kusikia. Mara mbili alisema, "Wanangu, liko jambo jengine." Na mara mbili tukamwambia angoje tumalize daftari. Tulipolimaliza, magharibi ilikuwa karibu, tukaondoka. Kesho yake tukampelekea unga, mchele, mafuta na sukari. Akavirudisha vyote, na salamu kwamba yeye ana riziki yake.

Baadhi yetu tukasema, "Ana kiburi." Zikapita siku kumi. Kisha mmoja katika mabibi wa darsa ya wanawake akaenda kumtazama. Alikwenda peke yake, bila ya daftari. Akakaa naye ndani, wakachambua mchele pamoja, wakazungumza ya zamani. Hakumwuliza kitu. Walipokuwa katika mazungumzo hayo, bibi yule akainuka mwenyewe, akatoa barua chini ya mkeka. Mwenye nyumba alikuwa amemtaka ahame kwa muda wa siku 30, na zilikuwa zimebaki siku 4.

Bibi huyu alikhitimu Kurani utotoni, na barua ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu huisoma na kuiandika. Lakini hati za Kizungu hazijui, na barua ile ilikuwa ya Kiingereza. Aliona haya kusema mbele ya wanaume wanne, na mtaa mzima wasikia, kwamba ana barua asiyoweza kuisoma. Jambo jengine alilotaka kutuambia mara mbili ndilo hilo. Siku nne hazikutosha kutafuta shauri wala kumpata mwenye nyumba, aliyekuwa safarini. Akahama, na leo yuko kwa mpwa wake, mbali na mtaa alioishi tangu kuolewa.

Tulikwenda na nia njema, tukapeleka na mchele. Tulichokosa ni sikio. Na kwa kukosa sikio hatukumpunguzia bibi yule pambo la msaada, bali tulimkosesha msaada wenyewe. Basi jawabu la swali letu ni hili: adabu ya mwenye kusaidia ni sehemu ya msaada, wala si ziada yake.

Na hili lina asili katika dini yetu. Mwenyezi Mungu ametufunza katika Suratul Baqara kwamba masimango na maudhi huibatilisha sadaka. Wala hakusema kuwa huipunguza uzuri wake. Na katika Suratudh-Dhariyat ameyaita mafungu ya mwenye kuomba na aliyenyimwa kwa jina la haki. Alokuja kuchukua haki yake hasimamishwi kama mshitakiwa. Sisi ndio wenye deni, na mwenye deni ndiye apasaye kuinamisha sauti.

Tazameni pia kisa cha Bibi Khaula binti Thaalaba (r.a.). Mumewe alimfananisha na mgongo wa mamake, kama walivyokuwa wakifanya watu wa Jahiliya, akawa si mke wala si mtaliki. Akamwendea Mtume (s.a.w.) kumshitakia, akamjadili, naye akamsikiliza. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba alikuwa upande wa nyumba ile ile, na baadhi ya maneno ya mama huyo hakuyasikia. Mwenye shida alipata mahali pa kunena kwa sauti ndogo, asiambiwe anene kwa nguvu. Kisha ikateremka sura iliyochukua jina lake kwa mjadala wa mwanamke huyo. Linganisheni na baraza yetu na daftari letu.

Huenda mtu akasema: "Wako waongo wanaojitia ufukara. Tusipouliza, mali ya zaka itapotea." Neno hili ni la haki. Zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika Suratut-Tauba, na aliyekabidhiwa amana hana rukhsa ya kuitawanya kwa kukisia. Kuuliza ni wajibu. Lakini kuuliza ni namna mbili. Iko namna ya kumwuliza mtu ili umjue, na iko namna ya kumwuliza ili umnase. Aulizwaye huzitambua zote mbili tangu neno la kwanza. Ya kwanza humfungua, na ya pili humfunga, au humfundisha uongo. Na sisi kwa maswali yetu yote hatukuupata ukweli, na bibi asiyeuliza kitu aliupata.

Elimu ya jambo hili leo husomeshwa katika vyuo vikuu kwa wale waitwao maafisa wa ustawi wa jamii. Mwaka 1957 padri mmoja wa Marekani, Felix Biestek, alitoa kitabu ambacho humo aliyahesabu mambo saba yampasayo msaidizi: kumtazama kila mtu kwa hali yake peke yake, kumwacha atoe yaliyo moyoni, kuungana naye katika uchungu bila ya msaidizi kuzidiwa na uchungu huo, kumkubali kama alivyo, kutomhukumu, kumwachia achague mwenyewe, na kuhifadhi siri yake. Jambo jema hatulikatai kwa kuwa alolitamka si wa dini yetu. Litupasalo ni kujiuliza vipi watu wengine waliandika na kusomesha yale ambayo sisi tumeyarithi na hatuyatendi.

Katika hayo saba, mawili yataka mkazo kwetu. La kwanza ni khiari. Mwanamke hutujia na ugomvi wa nyumba yake, na kabla hajamaliza tumekwisha kumkatia shauri: rudi usubiri, au dai talaka yako. Wajibu wetu ni kumwonesha njia zilizoko: suluhu ya wazee wa pande mbili, na mahakama ya Kadhi, ambayo imo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010; na kumweleza kila njia ina nini mbele yake. Kisha achague yeye, kwa kuwa yeye ndiye atakayeishi na alichokichagua.

La pili ni siri. Wazee wetu walisema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Na mwosha hakai barazani akasimulia. Leo watu wapiga picha wajane na mayatima wakipokea futari, wakazieneza kwa simu, na kusema ni kuwatia wengine moyo. Mtoto aliyepigwa picha hiyo atakutana nayo skuli. Mali yaweza kuonekana ilipokwenda kwa hesabu zilizoandikwa vizuri, bila ya uso wa mtu.

Lakini sitara nayo ina mpaka wake, na hapa twasema waziwazi. Mtoto akidhulumiwa au akiingiliwa, hiyo si siri ya kuzikwa kwa jina la heshima ya ukoo. Sitara ni ya kumfunika mwenye aibu, haikuwekwa iwe pazia la dhalimu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yamlinda mtoto huyo, wako maafisa wa watoto, na iko simu ya bure namba 116. Kwa ajili hiyo msaidizi mkweli humwambia mtu mapema, kabla hajanena: "Siri yako nitaihifadhi, ila ikiwa roho ya mtu au mtoto yumo hatarini, hapo sitanyamaza." Kuahidi yote kisha ukavunja ni khiyana.

Ndugu zetu, kamati yetu sasa hutuma mtu mmoja au wawili, na kwa mwanamke huenda mwanamke. Daftari hujazwa baada ya kurudi. Na swali la mwisho kabla ya kuaga ni hili: "Je, liko jambo jengine?" Kisha hunyamaza, na hungoja. Swali hilo tulifundishwa na bibi aliyeturudishia mchele, naye amekwisha kupoteza nyumba. Tulimwendea kumtaka radhi, akatusamehe. Twamwomba Mwenyezi Mungu naye atusamehe, na atujaalie masikio kabla ya mikono. Amin.