Siku Sitini za Dereva

Kwa miaka 19 nilikuwa karani wa madai ya bima Dar es Salaam. Kila marehemu aliyefika mezani kwangu nilimtafutia bei: umri, kipato, wanaomtegemea. Muuza vitumbua alitoka na kiasi kidogo kuliko mhasibu. Nilijumlisha sawasawa, na mkono ulikuwa mzito.

Darasa la jioni lilinifundisha hesabu ya kabla ya ajali. Januari 1944, bandarini New York, tishali Anna C lililopakia unga lilichomoka gatini likagonga meli ya mafuta, na rafadha ya meli ile ikalitoboa chini. Tagi zilizokuwa karibu zilikuwa na pampu za kulinusuru, ila mlinzi wake alikuwa hayupo kwa saa 21, basi hakuna aliyejua kwamba linavuja. Likazama. Mwaka 1947 Jaji Learned Hand akaamua kwa kuzidisha: chukua uwezekano wa ajali mara ukubwa wa hasara; tahadhari ikigharimu pungufu ya hapo, aliyeiacha amezembea.

Siibezi kanuni hiyo. Kila shilingi ya tahadhari imetoka mfuko fulani, na maskini ndiye anayelijua hilo kuliko jaji. Lakini lile tishali lilibeba unga, na unga ukishalipwa umekwisha.

Siku moja alikuja dereva kuchukua nakala ya hati. Fuso ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa ameahirisha kununua tairi ili alipe ada ya wanawe; mvua ikanyesha barabara ya Segera, tairi kipara zikateleza, akamgonga mtoto akafa. Bima ndogo ilikuwa hai, wazazi wakalipwa. Nikamkaribisha maji. Akakataa, na haikuwa Ramadhani.

"Mama, fidia mmenilipia," alisema. "Hizi sitini hakuna wa kunifungia. Leo ya 41."

Niliijua aya yenyewe, ya 92 katika Surat An-Nisaa: aliyeua muumini kwa kukosea huwalipa wafiwa fidia, ila wakisamehe, na huacha huru mtumwa, asiyeweza, hufunga miezi miwili mfululizo. Akikatiza bila udhuru, anaanza upya. Wanazuoni waliiweka fidia mabegani mwa ukoo wake, lakini kafara wakamwachia mwenyewe. Wachumi nao wameona kwamba mwenye bima hulegea, kwa kuwa hasara imehamia kwa mwingine, wakashauri abakiziwe sehemu ailipe mfukoni. Mfukoni! Nililipa mamia ya madai, na sikumbuki hata moja lililomfikia dereva mwilini, mahali anapoamulia kama atakanyaga breki mapema au atachelewa kidogo. Kiu ya saa tisa alasiri inafika huko.

Alipotoka nilichungulia dirishani. Aliizunguka fuso, akainama penye kila gurudumu na kupapasa tairi kwa kiganja, mpaka la mwisho, ndipo akapanda.