Lawama ya Muuzaji Huishia Wapi?

Wafanyabiashara wana msemo wao: biashara ni biashara. Maana yake ni kwamba mwenye kiwanda anatengeneza, mnunuzi analipa, na yatakayofuata ni juu ya mnunuzi. Katika insha hii nataka kuupima msemo huo kwa kutazama biashara moja, nayo ni mauzo ya viwanda vya Marekani katika nchi za Kiarabu. Ni biashara ya siku nyingi, na lugha yetu wenyewe imebeba alama yake.

Mnamo Septemba 1833, mjumbe wa Marekani aitwaye Edmund Roberts alitia saini mkataba na Sayyid Said mjini Maskati. Ushuru wa bidhaa za Wamarekani uliwekwa kuwa asilimia 5 tu ya mzigo ulioteremshwa, nao wakaruhusiwa kuuza katika milki yote ya mtawala huyo, Zanzibar ikiwamo. Bidhaa yao kubwa ilikuwa kitambaa kigumu cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts. Watu wa pwani walikiita merikani, na misafara ikakifikisha hadi huku kwetu kwenye maziwa makuu, ambako kilitumika pia kama fedha. Sisi wanafunzi wa Uganda tunalikuta neno hilo katika kamusi na kulipita upesi.

Pamba ya merikani ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani. Konsuli wa kwanza wa Marekani huko Zanzibar, Richard Waters wa mji wa Salem, alifika mwaka 1837 akiwa mpinzani wa utumwa kwa imani yake, na shajara zake zinaonyesha alivyowahurumia watumwa aliowaona. Hata hivyo aliendelea kufanya biashara, tena kwa ukaribu mkubwa na Jairam Shivji, msimamizi wa forodha, ambaye ushuru wa watumwa nao ulipita mikononi mwake. Simtaji Waters ili tumcheke. Kwa vipimo vya wengi alikuwa mtu mwema, na wema wake haukugusa daftari lake la hesabu. Lakini lawama yake, kama ipo, iko upande wa mahali kitambaa kilikotoka na watu alioshirikiana nao. Kitambaa chenyewe kilivaliwa na watu. Hakuna aliyedhurika kwa kukivaa.

Hapo ndipo swali linapogawanyika, na wanaolijadili mara nyingi huliacha likiwa fungu moja. Msaada nimeupata kwenye fiqhi ya Kiislamu, ambayo ni elimu ya wanunuzi wenyewe tunaowazungumzia. Wanazuoni walijadiliana kwa karne nyingi kuhusu mtu anayemuuzia maji ya zabibu mtengenezaji wa mvinyo. Wengine walikataza. Abu Hanifa aliruhusu, na wafuasi wa madhehebu yake wakaeleza sababu: dhambi haimo katika maji ya zabibu, huja baada ya mnunuzi kuyageuza kuwa kitu kingine. Lakini wanazuoni hao hao walichukizwa na kumuuzia silaha mtu anayejulikana kuwa wa fitina wakati wa fitina, kwa sababu silaha hutenda uovu ikiwa vilevile ilivyotoka mkononi mwa muuzaji. Haigeuzwi na mtu yeyote njiani. Kwangu mimi tofauti hiyo ina nguvu kuliko mengi niliyoyasoma kuhusu maadili ya biashara.

Tukiitumia, sehemu kubwa ya mauzo ya leo haina tatizo. Marekani ina mikataba ya biashara huru na Yordani, Bahareni, Moroko na Omani. Shirika la Emirates la Dubai ndilo lenye ndege nyingi zaidi duniani za aina ya Boeing 777. Anayetaka viwanda vya Marekani visiwauzie Waarabu chochote kwa sababu ya siasa za watawala wao anamwadhibu daktari wa Amman anayesubiri mashine ya kupimia wagonjwa. Huo si uadilifu.

Silaha ni habari nyingine. Tarehe 9 Agosti 2018, ndege za muungano ulioongozwa na Saudi Arabia zilipiga basi lililokuwa na watoto wa shule huko Dahyan, kaskazini mwa Yemeni. Shirika la Msalaba Mwekundu lilitaja vifo 51, kati yao watoto 40. Wataalamu waliochunguza picha za mabaki walilitambua bomu hilo kuwa limetengenezwa Marekani. Muungano wenyewe ulikiri baadaye kwamba kulikuwa na makosa.

Jibu linalotolewa daima ni kwamba wasipouza wao, watauza Wachina au Warusi. Rais Trump alilitoa waziwazi mwaka huo huo. Sikatai kwamba lina ukweli. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokausha merikani baada ya 1861, vitambaa vya Uingereza na India vilijaza pengo. Ila jibu hilo linatueleza soko litafanya nini, halitwelezi mimi nifanye nini. Tena halifai kwa ndege ya kivita, ambayo bila vipuri na mafundi wa aliyeiuza haikai angani muda mrefu. Muuzaji wa kitambaa alitweka tanga akaondoka. Muuzaji wa ndege ya kivita bado yumo karakana akishika spana.

Wako watakaosema kwamba kiwanda hakiwezi kuwa hakimu wa wateja. Hoja hii ningeiheshimu zaidi kama sheria ya Marekani isingekuwa imeikataa zamani. Tangu 1977 kampuni za huko zinakatazwa kukubali sharti la mnunuzi la kujiunga na mgomo wa nchi za Kiarabu dhidi ya Israeli, na hata kuombwa tu sharti hilo lazima waripoti serikalini. Biashara nyingi zingeweza kupotea, na Bunge lilijua hivyo. Mwaka mmoja kabla, sheria ya mauzo ya silaha ilitaja kujilinda kihalali na usalama wa ndani miongoni mwa makusudi yanayoruhusiwa. Kumbe kulichunguza kusudi la mnunuzi si jambo geni kwao.

Julai 2019 Bunge lilipitisha maazimio ya kuzuia mauzo ya silaha kwa Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Rais akayapinga kwa kura yake ya turufu. Februari 2021 Rais mwingine, Biden, alitangaza kusitisha silaha za mashambulizi kwa vita vya Yemeni, na Agosti 2024 serikali yake hiyo hiyo ikafungua tena mauzo hayo kwa Saudi Arabia. Wakati huo, watoto walionusurika katika basi lile walikuwa wamekuwa vijana.