Pima Leo, Kabla Kisu Hakijakupimia

Wewe fundi! Wewe uliyeiokoa kompyuta ya mtumba, ukaipakia Linux, ukaiunganisha na mashine ya kuchonga, na sasa umesimama mbele yake umekunja mikono, unajisifu kwamba inatembea! Nasema na wewe. Inatembea juu ya keneli gani?

Usitazame pembeni. Jibu unalo.

Siku ile ulipofungua LinuxCNC, programu ya kuiendesha mashine yako, kwa mara ya kwanza, kulitokea mstari mdogo kwenye skrini ukikuarifu kwamba mfumo hautumii wakati halisi. Uliuona. Ukasema: nitashughulikia Jumamosi. Jumamosi ikaja na meza ya mteja. Iliyofuata ikaja na mlango. Ya tatu ikaja na msiba wa jirani. Na keneli ni ile ile!

Kaa chini tuhesabu. Mota yako ya stepa humaliza mzunguko mmoja kwa hatua 200. Draiva yake umeiweka igawe kila hatua mara 10, kwa hiyo sasa ni hatua 2,000. Skrubu ya kusukuma meza husogea milimita 5 kwa mzunguko. Basi kila milimita moja ni hatua 400. Ipeleke meza kwa milimita 25 kwa sekunde, mwendo usio wa kutisha hata kidogo, na kompyuta inadaiwa hatua 10,000 kila sekunde. Moja kila maikrosekunde 100! Si ikipata nafasi. Si ikimaliza kuchora dirisha la kivinjari. Si diski ikitulia!

Keneli ya kawaida ina wakubwa wengi. Mtandao unabisha, inafungua. Skrini inadai, inalipa. Diski inaita, inaitika. Hatua ya mota yako inasubiri kwenye foleni, na ikitoka imechelewa, inayofuata inakuja imeibana kwa nyuma. Mota inashtuliwa, inashindwa kufuata, inaachwa.

Na mota isiyo na enkoda haina ulimi wa kusema nimekwama! Programu inaendelea kuamini kwamba kisu kiko pale kilipoagizwa. Kisu kiko kwingine. Kinakula mbao ya mteja, kinakula jiriwa, kinakula kitanda cha mashine yako mwenyewe.

Unaniambia kwa wastani inakwenda vizuri. Wastani! Mlinzi akeshe usiku mia na kulala mmoja, mwizi atakuja ule mmoja. Mashine haijui wastani ni nini. Mashine inaijua nambari moja tu, ucheleweshaji mkubwa kuliko wote, na nambari hiyo hujawahi kuitafuta.

Kuna jambo linaloninyima raha kuliko yote. LinuxCNC hukuonya. Ikichelewa kupita kiasi, hutoa ujumbe kwamba kumetokea kuchelewa kusikotarajiwa, na kukuagiza upime na urekebishe kabla ya kuendelea. Ujumbe huo huja mara moja tu tangu uwashe programu hadi uizime. Mara moja! Ukishaubofya ukafungwa, kuchelewa kwa pili hakutakuambia neno, wala kwa kumi, wala kwa elfu. Umeufunga mara ngapi ukiwa na chai mkononi?

Amka! Fungua kipimo cha latency-test, kimo humo humo ndani ya programu, hakikugharimu senti. Usikiendeshe dakika mbili kompyuta ikiwa imetulia kama maji mtungini. Huko ni kujidanganya. Itese! Nakili mafaili makubwa, cheza video, fungua madirisha, yaburute huku na huko. Iache iteseke kwa saa nyingi. Kisha soma ile nambari kubwa, na uisome kwa sauti.

Ikiwa chini ya maikrosekunde 15 au 20, shukuru. Unaweza kutoa hatua kwa programu tupu kupitia tundu la printa. Ikiwa 30 hadi 50, utafanya kazi, ila kasi usiitamani. Ikifika 100, kompyuta hiyo haifai kutoa hatua yenyewe. Ikipita milisekunde nzima, usiipe mashine kabisa.

Usiniambie dawa, keneli ya wakati halisi, ni adimu. Ilikuwa adimu, sasa si kwamba ipo dukani tu, imewekwa mlangoni mwako! LinuxCNC ilizaliwa katika taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, miaka ya 1990, ikaachwa mikononi mwa umma. Enzi hizo, ili Linux iendeshe mashine, ilibidi ichomekewe keneli ndogo chini yake: RTLinux, kisha RTAI ya kule Politecnico di Milano. Linux yenyewe ikawa kazi ya mwisho kwenye foleni, inayopewa makombo ya muda. Wengine wakataka zaidi. Ingo Molnar, Thomas Gleixner, Steven Rostedt na wenzao wakaamua kuigeuza Linux yenyewe: kufuli zake zikubali kukatizwa, vikatizo viwe nyuzi zenye kipaumbele, na anayeshikilia kufuli linalongojwa na mkubwa aazimwe ukubwa huo hadi aachie. Hiyo ndiyo PREEMPT_RT. Mwaka 2006 Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alitania kwamba kuendesha leza kwa Linux ni wazimu, kisha akasema mwenye kutaka kuendesha leza ya kuchomelea na atumie hiyo.

Takriban miaka 20 wakabeba viraka vya PREEMPT_RT begani, toleo baada ya toleo! Kikwazo cha mwisho cha kuviingiza katika Linux kilikuwa printk, kazi ndogo ya kuandika ujumbe wa keneli. Septemba 2024, mjini Vienna, Gleixner alimkabidhi Torvalds ombi la mwisho likiwa limefungwa kwa karatasi ya dhahabu. Likaingia katika Linux 6.12, iliyotoka Novemba mwaka huo.

Watu wamehangaika miaka 20, na wewe unashindwa kuwasha upya kompyuta!

Lakini sikiliza, usije ukalala upya: kuwemo si kuwashwa. Kupakua 6.12 peke yake hakukufai kitu kama aliyeijenga hakuchagua PREEMPT_RT. Debian wana kifurushi chao cha rt, kiweke. Kisha andika uname -a, utafute neno PREEMPT_RT kwa macho yako. Usiamini maneno ya aliyekuuzia kompyuta, wala ya binamu yako, wala yangu.

Na wewe unayejenga keneli mwenyewe, unayejiona umepona! Umeacha vyombo vya kusaka hitilafu vikiwaka ndani yake, kisha unashangaa nambari zimevimba? Vizime! Umetafuta vikatizo vya SMI, vile ambavyo BIOS huiiba CPU navyo bila keneli hata kujua? Keneli safi kuliko zote haiwezi kuzuia wizi isiouona. Endesha hwlatdetect. Zima usingizi wa CPU, zima kupanda na kushuka kwa kasi, tenga kiini kimoja kwa isolcpus. Jaribu kila badiliko peke yake, upime, uandike. Ukibadilisha matano kwa mpigo hutajua lipi lilikuponya.

Haki isemwe: kwa tundu la printa, RTAI bado hutoa nambari ndogo kuliko PREEMPT_RT kwenye kompyuta nyingi. Anayeitumia akiwa amepima, simgombezi. Namgombeza aliyeng'ang'ania keneli kuukuu kwa woga, asiyeweza tena kupata draiva ya kadi ya mtandao, na anayesema ameichagua.

Je, nambari ikikataa? Basi nunua bodi yenye FPGA, kama za Mesa. Itatoa hatua yenyewe, na keneli itadaiwa zamu moja tu kila milisekunde. Deni limepungua, halijafutwa! Bodi ya kebo ya mtandao hungoja pakiti yake. Isipofika, bodi hukata kila kitu katikati ya kazi.

Ngoja ngoja, walisema wahenga, huumiza matumbo. Karakanani huumiza vidole! Kile kitufe chekundu cha dharura, umekipitisha ndani ya programu ili kuokoa waya? Kirudishe kwenye umeme leo, kikate nguvu ya mota na spindeli bila kuiomba ruhusa kompyuta yoyote, ya wakati halisi au ya wakati wowote.

Usiku huu, kabla hujafunga mlango, toa kisu kwenye spindeli, zima umeme wa mota, anzisha kipimo, iache kompyuta ijitaabishe hadi alfajiri. Asubuhi soma. Ikipita nanosekunde laki moja, yaani zile maikrosekunde 100, chomoa waya wa tundu la printa, umpigie simu mteja, umwambie mlango wake utachelewa.