Kisiwa Kinachoitwa Amani

Somo: 1 Wathesalonike 5:1–8, Luka 17:28–32, Waebrania 6:17–20

 

Tunasoma barua ambayo Paulo aliwaandikia waumini wa Thesalonike, mji ulioko Ugiriki mpaka leo. Katika sura ya tano anawaonya kwamba siku ya Bwana itawakuta watu wakiambiana mambo ni shwari, tuko salama, hakuna shida. Angalia vizuri hapo. Hasemi itawakuta wakilia. Itawakuta wametulia! Na neno ambalo Paulo alitumia kwa amani ni la Kigiriki, eirene. Hilo ndilo lililozaa jina Irene, ambalo dada zetu kadhaa hapa kanisani wanaitwa.

Sasa, huko huko Ugiriki kuna kisiwa kinachobeba jina hilo. Wenyeji hukiita Thira, lakini dunia inakijua kama Santorini, yaani Mtakatifu Irene. Umekiona hata kama hukujua jina lake. Ni zile nyumba nyeupe zilizopangwa juu ya jabali, na makanisa yenye kuba za buluu, ambazo tunaziona kwenye kalenda na kwenye simu. Kijana akiota fungate, mara nyingi huota akiwa pale.

SAFARI YA SIKU MOJA

Mgeni akifika Santorini, mojawapo ya mambo anayoyalipia ni kuzunguka kisiwa kwa katamarani. Katamarani ni mashua yenye matumbo mawili yaliyounganishwa na sakafu moja pana. Ndugu zetu waliotoka Pwani wataelewa haraka. Ngalawa huwekewa mbao za pembeni ili isipinduke. Hii nayo imetanua miguu ili isiyumbe. Ukiweka glasi ya maji mezani inakaa. Mbele, kati ya yale matumbo mawili, kuna wavu uliokazwa, na watu hujilaza juu yake wakiangalia bahari ikipita chini yao.

Mashua hizi huondoka Vlychada, bandari ndogo ya upande wa kusini, au Ammoudi, chini ya kijiji cha Oia. Safari huchukua kama saa tano hivi. Unapita Ufuo Mwekundu, ambapo jabali ni jekundu kama udongo wa shamba. Unapita Ufuo Mweupe. Watu wanaruka majini, wanaogelea, wanapanda tena. Nyama inachomwa hapo hapo mashuani. Jioni jua likizama kule Oia, watu wanapiga makofi.

Mimi sisimami hapa kusema kupumzika ni dhambi. Yesu mwenyewe aliwaita wanafunzi wake kando wapumzike; soma Marko 6:31. Kama Bwana amekufungulia mlango wa kwenda, enda, piga picha, tutumie kwenye grupu tufurahi nawe. Wala usiende kwa mkopo wa simu ili watu wakuone. Lakini leo sina neno na mashua. Nataka tuone mahali mashua hiyo inapoelea.

CHINI YA MASHUA

Sisi wa Nakuru hatuhitaji picha ili tuelewe jambo hili. Umewahi kusimama juu ya Menengai ukatazama lile shimo? Ni karibu kilomita 12 kwa 8. Mlima wa moto ulilipuka, sehemu ya juu ikaporomoka, likabaki bonde kubwa. Sasa chukua Menengai hiyo, vunja ukuta wake, uache bahari iingie. Hapo umepata Santorini. Shimo la Santorini ni kama kilomita 11 kwa 7. Kuta zake zinapanda mpaka kama mita 300 juu ya maji, na zile nyumba nyeupe zimekaa ukingoni. Kina cha maji katikati kinakaribia mita 400.

Na katikati ya maji hayo kuna visiwa viwili vyeusi, Palea Kameni na Nea Kameni. Kameni kwa lugha yao maana yake ni iliyoungua. Nea Kameni ilianza kuchomoza kutoka baharini mwaka wa 1707, na mara ya mwisho kulipuka ilikuwa 1950. Wapendwa, huo si moto uliozimika. Ni moto uliopumzika.

Kwa hivyo mtu anakula nyama choma kwenye mdomo wa volkano, na kisiwa kinaitwa Amani. Mwambie jirani yako: uliza umekaa juu ya nini!

1. KUTOYUMBA SI USALAMA

Tarehe 5 Aprili 2007, meli kubwa ya watalii iitwayo Sea Diamond iliingia ndani ya lile shimo. Ilibeba zaidi ya watu 1,500, abiria pamoja na wafanyakazi. Ilikuwa mchana na ufuo ulikuwa karibu. Meli ikagonga mwamba chini ya maji. Karibu wote waliokolewa, lakini abiria wawili hawakupatikana, na kesho yake meli ikazama. Mpaka leo iko huko chini, na mashua za starehe zinapita karibu nayo.

Tunapenda kupima hali yetu kwa kuangalia kama tunayumba. Mshahara unaingia, watoto wako shule, gari inawaka, basi tunasema Mungu yuko nasi. Yuko, amina. Lakini meza kutotikisika kunakuambia tu kwamba chombo ni kizuri. Hakukuambii mwamba uko wapi. Paulo haambii kanisa liogope. Anawaambia wawe macho na wenye kiasi, kwa sababu wao ni watu wa mchana. Mtu wa mchana anaangalia anakoenda hata wakati bahari imelala.

2. ULIZA JOTO LINATOKA WAPI

Kituo kinachosubiriwa sana katika safari hiyo ni chemchemi za maji ya moto pale Palea Kameni. Mashua haifiki mpaka pale penyewe. Inasimama mbali kidogo, na anayetaka anaruka kwenye maji baridi, anaogelea kuelekea ghuba ndogo. Akikaribia, maji yanabadilika. Yanakuwa vuguvugu, na rangi inageuka kuwa manjano na kahawia kwa sababu ya chuma na salfa inayotoka ardhini. Mwili unalegea. Ni raha. Lakini waelekezi huwatahadharisha wageni wasiingie na nguo nyeupe, maana itatoka na madoa.

Mliofika Bogoria mnajua maji yanayochemka pale hayachemshwi na jua. Kuna kitu chini. Na hata huko Santorini, lile joto tamu linatoka kwa moto ule ule uliokipasua kisiwa.

Kuna joto ambalo wengine wetu tunaliogelea sasa hivi. Mume ananyamaziwa nyumbani, lakini kuna mtu kazini anayemsikiliza vizuri sana. Ni mazungumzo tu. Kijana ameweka shilingi mia kwa mechi akapata elfu tatu, na amesikia joto. Mama ana mkutano wa jioni ambao unaitwa maombi, lakini kinachochomwa huko ni majina ya watu. Hakuna aliyeingia moja kwa moja kwenye moto. Kila mmoja aliogelea polepole kutoka maji baridi kwenda yenye vuguvugu. Na ile nguo nyeupe ambayo Kristo alikuvika inaanza kushika rangi.

Usiniulize mimi kama ni dhambi. Uliza joto linatoka wapi. Kama huwezi kulitaja mbele ya mke wako, mbele ya mume wako, mbele ya kiongozi wa seli yako, basi jibu unalo.

3. TETEMEKO NI REHEMA

Hapa ndipo ninaomba mnisikilize sana.

Kusini mwa kisiwa hicho kuna mji wa kale unaoitwa Akrotiri. Miaka zaidi ya 3,500 iliyopita ulikuwa mji wa matajiri. Nyumba nyingine zilikuwa na ghorofa tatu, kuta zimechorwa picha za rangi, na mitaro ya maji machafu inapita chini ya barabara. Volkano ilipolipuka, majivu yaliufunika mji wote. Mwaka wa 1967 mtaalamu wa mambo ya kale, Spyridon Marinatos, alianza kuufukua. Wakakuta mitungi ya chakula. Wakakuta vitanda. Mwaka wa 1999 wakakuta mbuzi mdogo wa dhahabu ndani ya kisanduku. Kitu ambacho hawajakikuta katika nyumba hizo ni maiti za watu waliofunikwa na majivu yale.

Kwa nini? Kwa sababu kabla ya mlipuko kulikuwa na tetemeko la ardhi. Alama zake ziko kwenye kuta na kwenye ngazi zilizopasuka. Watu walianza kuondoa vifusi, walianza hata kurekebisha. Halafu wakaondoka. Waliacha mitungi imejaa. Mwenye mbuzi wa dhahabu aliacha mbuzi wake. Hawa hawakuwa na Biblia, hawakuwa na nabii, lakini ardhi ilipotikisika walielewa kwamba wameambiwa kitu. Yesu alipotukumbusha mke wa Lutu, alikuwa anazungumza juu ya mtu aliyetolewa nje kabisa, lakini moyo ukarudi kwa mitungi.

Na hili si la zamani tu. Mwanzoni mwa 2025 ardhi ya Santorini ilitikisika tena, matetemeko maelfu kwa wiki chache. Serikali ikatangaza hali ya dharura, shule zikafungwa, na zaidi ya watu 11,000 wakaondoka kwa meli na ndege. Volkano haikulipuka. Waliotoka wakarudi nyumbani. Kuna mtu atasema walikimbia bure. Lakini hao walikuwa na wazee waliokumbuka alfajiri ya tarehe 9 Julai 1956, wakati tetemeko liliangusha nyumba na watu zaidi ya 50 wakafa. Aliyetoka na akarudi akiwa hai hajapoteza kitu.

Sasa nizungumze na mtu mmoja. Dada, alikupiga mara moja. Akaomba msamaha, akanunua kitenge, akaja hata kanisani. Ukaambiwa vumilia, omba, ametulia. Neno hilo "ametulia" limezika binti za watu katika nchi hii. Kuvumilia ambako Biblia inafundisha si kukaa chini ya ngumi. Lile lilikuwa tetemeko. Toka. Chukua watoto, acha mitungi, acha viti, njoo. Ofisi ya kanisa iko wazi, na wamama wa huduma watakutafutia pa kulala na watakusindikiza hospitali na polisi. Tutaendelea kumwombea, na yeye atubu akiwa huko na wewe ukiwa salama. Na wewe ndugu uliyeinua mkono, usifiche nyuma ya utulivu wa wiki mbili. Kuja kwa wachungaji kabla ya mlipuko ni toba. Kuja baada yake ni mazishi.

Kuna ndugu ambaye daktari alimwambia sukari imepanda, akatupa karatasi kwa sababu hasikii maumivu. Kuna watoto wa baba mmoja ambao tangu mazishi yake hawajagusa ile kesi ya shamba, na wanasema imepoa. Haijapoa, imefunikwa! Mungu akitikisa kidogo, anakuonea huruma. Angetaka uangamie angekuacha ulale.

NANGA

Nimalize na nanga. Mashua inayozunguka Santorini haiwezi kutia nanga popote inapotaka. Ndani ya lile shimo maji ni marefu sana. Nanga ya mashua ndogo haifiki chini. Nahodha lazima asogee mahali penye kina kifupi. Pale katikati, penye picha nzuri kuliko zote, hakuna pa kushika.

Waebrania 6 inatuambia tuna nanga ya roho. Lakini nanga hii haitupwi chini. Imeingia ndani ya pazia, mahali Yesu alipotangulia kwa ajili yetu. Ndiyo maana Yesu aliweza kulala usingizi mashuani dhoruba ikipiga, Marko 4. Hakuwa na amani kwa sababu bahari ilikuwa shwari. Bahari ilikuwa inachafuka. Na Paulo, katika Waefeso 2:14, anatumia lile lile neno eirene, na safari hii si jina la kisiwa. Ni Kristo mwenyewe. Yeye ndiye amani yetu. Haleluya!

Kama umesikia tetemeko mahali fulani katika maisha yako, usingoje Jumapili ijayo. Inua mkono ulipo.

Maombi: Bwana Yesu, asante kwa kunitikisa nikiwa bado na nafasi ya kutoka. Nimekaa juu ya moto nikaita amani. Leo naacha mitungi yangu. Nitoe, usiache moyo wangu ugeuke nyuma. Wewe uwe nanga yangu. Amina.

MASWALI YA SELI WIKI HII

1. Soma 1 Wathesalonike 5:1–8. Kuna tofauti gani kati ya kuwa macho na kuishi kwa hofu?
2. Ni jambo gani katika nyumba zetu tunalosema "limetulia", ambalo halijatengenezwa?
3. Mtu wa seli yetu akilazimika kutoka nyumbani usiku wa leo, atalala kwa nani? Andikeni majina, myapeleke ofisini.