Kipimo Kidogo, Bei Mbili

Kuna mlo ambao mteja hachagui chochote. Anaketi, mpishi anaamua, na vyakula vinaletwa kimoja baada ya kingine, saba au hata kumi, kila kimoja matonge mawili matatu katikati ya sahani pana kama sinia. Hiyo ndiyo menyu ya kuonja. Ilishika kasi Ufaransa miaka ya 1970, ikavuka milima hadi Italia, ambako Gualtiero Marchesi wa Milan aliandaa wali wa zafarani na kuuwekea juu karatasi ya dhahabu halisi, ya kuliwa. Mwaka 1985 mkahawa wake ukawa wa kwanza nchini Italia kupata nyota 3 za Michelin. Nyota hizo hazigawiwi Kenya, lakini mtindo wenyewe ulishafika Nairobi, kwenye mikahawa ya Westlands, na wenye kuumudu hawakosekani.

Kawangware, mtaa wa maskini, iko mwendo wa mguu tu kutoka Lavington ya matajiri, na huko pia watu hula kwa vipimo vidogo. Mafuta ya kupikia ya shilingi ishirini, yanayomiminwa kwenye chupa mteja aliyokuja nayo. Omena kikombe. Sukari robo. Sukuma anayoikata mama mboga papo hapo, nyembamba kama nyuzi, huku akipiga gumzo bila kuangalia kisu. Wenyeji huita biashara hiyo kadogo. Anayenunua hivi hulipa ghali zaidi kwa kila kilo kuliko anayejaza gari supamaketi, na anajua. Ila pesa ya leo ni ya leo. Kule Westlands kipimo kidogo ni ustadi wa mpishi. Huku ni hesabu ya mfuko.

Cha kuchekesha ni kilichomo ndani ya sahani zile pana. Chukua polenta, ambayo siku hizi hupakuliwa kijiko kimoja na kunyunyiziwa jibini la bei. Ni unga wa mahindi uliopikwa kwa maji na chumvi. Mahindi yalifika Italia kutoka Amerika katika karne ya 16, na wakulima maskini wa Veneto na Lombardia wakayafanya chakula cha asubuhi, mchana na jioni. Waliisonga polenta kwa mwiko ndani ya sufuria ya shaba, wakaimwaga juu ya ubao na kuikata kwa uzi. Wengi waliila bila kitoweo cha maana hadi wakapatwa na pellagra, ugonjwa wa kukosa niasini, unaobabua ngozi na kuvuruga akili. Uliwatesa watu wa kaskazini mwa Italia hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mla ugali wa Gatwekera, Kibera, angewaelewa wakulima wale upesi kuliko mgeni yeyote aliyevaa tai.

Matumbo nayo? Roma huyapika kwa nyanya na mnanaa. Florence kuna vigari vya barabarani vinavyouza lampredotto, tumbo la nne la ng'ombe, lililochemshwa, likakatwakatwa na kutiwa ndani ya mkate uliochovywa kwenye mchuzi wake. Kilikuwa chakula cha vibarua. Ukipita Kibera jioni, karibu na soko la Toi, utamkuta muuza mutura, utumbo uliojazwa nyama, na ubao wake, makaa yakiwa bado mekundu. Anaikata vipande, anasogeza chumvi na kachumbari, na wateja wanakula wakiwa wamesimama. Ya kumi, ya ishirini. Hakuna anayesimuliwa nyama ilikotoka, na pengine ni heri.

Usimulizi ndio unaolipiwa ghali kwenye mikahawa mikubwa, kwa maoni ya safu hii. Mhudumu anainama kidogo, anaeleza shamba, kijiji, bibi kizee aliyeanzisha pishi hilo. Mhudumu huyo aghalabu hakai Westlands. Kuna wanaotoka Kawangware alfajiri wakishika barabara ya Gitanga, kisha James Gichuru, kwa miguu, ili nauli ibaki. Katika amri ya serikali ya mishahara ya chini, mhudumu wa mezani na mpishi wamewekwa daraja moja na mvunja mawe na utingo wa lori. Kibarua wa kawaida jijini alifikishiwa shilingi 16,113 kwa mwezi nyongeza ya asilimia 6 ilipoanza Novemba 2024. Daraja la mpishi liko juu yake kidogo tu.

Waitaliano wenyewe wameanza kuona haya kidogo. Massimo Bottura wa Modena, ambaye mkahawa wake Osteria Francescana ulitajwa kuwa wa kwanza duniani mwaka 2016 na tena 2018, alifungua Refettorio Ambrosiano mjini Milan mwaka 2015, wakati wa maonyesho ya Expo. Wapishi maarufu walipika vyakula vilivyosalia kwenye maonyesho, ukiwemo mkate uliokauka, wakawalisha watu wasio na makao. Wageni hawakupanga foleni na sahani mkononi, waliketi, wakaletewa. Magazeti yalisifu sana.

Kwenye kibanda cha chakula cha Nairobi jambo hilo halina sifa kwa sababu ni la kila siku. Fundi wa mjengo anaketi kwenye benchi, anamiminiwa maji ya kunawa, chapati na madondo vinafika kabla hajavua kofia. "Mathe, niongezee supu," anasema, na supu inaongezwa bure. Asiye na pesa huandikwa daftarini hadi Jumamosi. Deni lisipolipwa, anayeumia ni mathe, ambaye hana mfadhili wala maonyesho.

Na hadithi zipo, kama kuna mpishi wa Nairobi anayezitafuta. Makina, upande wa Wanubi wa Kibera, wazee ni wajukuu wa askari wa Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, wakapewa msitu wa Kibera wakae. Hati ya ekari 288 walikabidhiwa mwaka 2017, baada ya zaidi ya miaka mia moja. Wangali wanapika gurusa, mkate mwembamba wa kukaangwa. Siku ukiingia kwenye menyu ya kuonja kule Westlands, swali la kwanza liwe ni mama gani wa Makina aliyeitwa jikoni, na alilipwa kiasi gani.